Wasomaji Wanauliza: Helikopta ya Sebuleni na Kidole Gumba cha Kushoto

Tangu shule zifungwe mwezi wa Juni, barua nyingi zinazofika katika safu hii zinahusu kitu kimoja, nacho ni helikopta ndogo za kuchezea zinazoendeshwa kwa rimoti, zile zinazouzwa ndani ya maboksi yenye picha za mawingu ingawa zimetengenezwa kurushwa ndani ya nyumba. Zimeingia majumbani kuanzia Mbeya hadi Iringa, na kwa jinsi mnavyoandika, nyingi zimevunjika kabla wiki haijaisha. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu wengi mmeuliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilimnunulia kijana wangu wa miaka 11 helikopta ndogo yenye mapanga ya ghorofa mbili. Siku ya kwanza ilipaa moja kwa moja ikagonga silingibodi, ikaanguka na kuvunjika panga moja. Tulibadilisha panga, lakini siku ya pili ikakataa kupaa vizuri, ikawa inateleza sakafuni huku inajizungusha kama kuku aliyechinjwa mpaka ikagonga mguu wa meza. Tuanzie wapi? Na mdogo wake wa miaka mitatu akae wapi wakati kaka yake anarusha?
Baba wa watoto wawili, Uyole, Mbeya

JIBU: Baba wa Uyole, pole kwa hasara hiyo, ingawa panga ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote katika chombo hicho. Yaliyowapata siku ya kwanza na ya pili yanaonekana kama matatizo mawili, lakini chanzo chake ni kimoja: kidole gumba cha kushoto, kinachoshika kile kijiti cha kupandisha ambacho watoto wenyewe wamekwisha kukibatiza jina la "mafuta". Siku ya kwanza kidole kilisukuma mno, na siku ya pili, kwa kuogopa dari, kikasukuma kidogo mno.

Kwanza muielewe helikopta yenyewe. Mapanga yake yamepangwa juu na chini kwa sababu yanazunguka kwa kupingana, moja kulia na jingine kushoto. Ingekuwepo seti moja tu ya mapanga, kiwiliwili cha helikopta kingezungushwa upande wa pili bila kukoma, na ndiyo maana helikopta kubwa huwekewa feni ya pembeni mkiani ili kuzuia mzunguko huo. Kwenye hiyo yenu, seti mbili zinazuiana zenyewe, na unapotaka igeuke, rimoti huongeza mwendo wa seti moja na kupunguza wa nyingine. Ile feni ndogo ya mkiani, mkiitazama vizuri, imelala kifudifudi badala ya kusimama wima, kwa kuwa kazi yake ni kuinua au kushusha mkia, na mkia ukiinuka pua inainama, kisha chombo kinakwenda mbele. Kijiti cha kulia, kwa hiyo, ni cha kugeuza na kwenda mbele au nyuma, nacho kisiguswe kabisa siku ya kwanza.

Sasa andaeni sebule. Mnahitaji nafasi tupu ya kama mita tatu kwa nne, kwa hiyo makochi yasogezwe ukutani, meza ya kahawa itolewe, vitambaa vya makochi vikunjwe, mapazia yafungwe fundo, pangaboi lizimwe na madirisha yafungwe. Zulia lenye manyoya marefu likunjwe pia, maana nyuzi zake hupenda kujisokota kwenye shafti, yaani ule mhimili unaozungusha mapanga. Mkeka au sakafu tupu vinafaa zaidi. Wekeni helikopta katikati ya chumba, mkia ukimwelekea kijana na pua ikitazama mbele, naye asimame mita mbili nyuma yake. Mkia ukiwa upande wake, kulia kwa helikopta ndiko kulia kwake. Pua ikimgeukia, mambo yanabadilika: akisukuma kulia, chombo kinageukia upande ambao yeye anauona kushoto, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Hilo ni somo la wiki ya tatu, lisiharakishwe.

Kabla ya kuwasha chochote, kijiti cha mafuta kiwe chini kabisa. Kuhusu kipi kiwashwe kwanza, fuateni karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi, kwa sababu aina hutofautiana, lakini wakati wa kumaliza izimwe helikopta kwanza, kisha rimoti.

Zoezi la kwanza ni kupanda hadi usawa wa kiuno na kushuka, basi. Utashangaa kwa nini nasema kiuno wakati busara ya mzazi ingesema kifundo cha mguu, na jibu liko katika yale mateleza ya siku ya pili. Mapanga husukuma hewa kwenda chini. Helikopta inapokuwa karibu na sakafu, kwa kimo kisichozidi upana wa duara la mapanga yake, ambao kwa vyombo vya aina hii ni kama sentimita 18 hadi 20, hewa hiyo haipati njia, inagonga sakafu na kurudi huku imevurugika, na chombo kinakuwa kama kimekalia puto lililopakwa mafuta, kinachoponyoka upande wowote. Kijana wako alidhani anajilinda kwa kubaki chini, kumbe alibaki mahali pagumu kuliko pote. Asukume kijiti taratibu lakini bila kusita mpaka ivuke eneo hilo, na ikifika mita moja apunguze kidogo sana ili isimame hewani. Mapanga yana uzito na hayabadilishi mwendo papo hapo, kwa hiyo kuna kuchelewa kidogo kati ya kidole na helikopta. Anayesubiri nusu sekunde aone jibu kabla ya kusukuma tena ataizoea siku hiyohiyo, lakini anayepampu kijiti kama anajaza upepo baiskeli ataona chombo kikiruka juu na chini mpaka kigonge dari. Dari nayo ina tabia yake: mapanga yakilikaribia, helikopta huvutwa kulekule juu, kama ilivyowatokea, na kuta nazo huvuruga hewa kwa namna inayofanana na hiyo. Kaeni katikati.

Mkiona inajizungusha yenyewe polepole bila kijiti cha kulia kuguswa, msihangaike. Tafuteni kwenye rimoti kitufe au kigurudumu kidogo cha kurekebisha mzunguko, kisha mbonyeze upande wa kinyume na ule inakogeukia, mara moja moja, mpaka pua itulie. Kama hata mwisho wa kigurudumu haitulii, itueni na kutazama shafti kwa karibu. Mara nyingi katikati ya seti mbili za mapanga utakuta unywele au uzi wa sweta uliojizungusha mara kumi, mwembamba kiasi kwamba hauonekani mpaka uelekeze tochi ya simu. Uchomoe kwa ncha ya sindano, huku betri imezimwa.

Baada ya kijana kuweza kupanda, kusimama hewani kwa kuhesabu hadi kumi na kutua bila kuangusha, mara kumi mfululizo, ndipo ageukie kijiti cha kulia. Aanze na kugeuza pua kidogo tu kulia na kuirudisha, kisha mbele hatua moja na nyuma hatua moja. Akumbuke kwamba hakuna breki, kwa hiyo ili kuisimamisha inayokwenda mbele ni lazima avute kijiti nyuma kwa muda mfupi kabla haijafika anakotaka isimame.

Kuna sheria moja ninayoiweka juu ya zote, nami niliilipia. Mwaka juzi helikopta ya mpwa wangu ilikuwa mikononi mwangu nikimwonyesha ujuzi nisiokuwa nao, ikaelekea kwenye pazia, nami nikaongeza mafuta nikidhani nitaipitisha juu. Pazia likaingia kwenye mapanga, shafti ikakwama, mota ikaendelea kuvuta umeme bila kuzunguka, na kwa sekunde chache sebule ikajaa harufu ya plastiki inayoungua. Mapanga hayakupata hata mkwaruzo, ila mota ilikuwa imekufa. Kwa hiyo, mara tu unapoona itagonga, shusha kijiti cha mafuta hadi chini kabisa kabla haijagonga, uiache ianguke. Kuanguka kutoka usawa wa kiuno juu ya mkeka hakuidhuru sana, wakati mapanga yanayogonga mguu wa kiti yakiwa na nguvu zote huvunjika, hukata meno ya gia au huunguza mota. Kijana alifanye hilo kama mazoezi: wewe ukisema "achia!" ghafla, kidole kishuke.

Kuhusu mdogo wake, mapanga haya ni ya plastiki laini na hayawezi kukata kidole cha mtu mzima, lakini jicho ni jambo jingine, na mtoto wa miaka mitatu yuko kwenye kimo kilekile ambacho kaka yake anafanyia mazoezi. Akae mlangoni mikononi mwa mtu mzima, si sakafuni. Kijana mwenyewe avae miwani kama ipo, mwenye nywele ndefu azifunge, na asiwepo hata mmoja anayejaribu kuidaka ikiwa hewani. Vilevile hesabuni skrubu na betri ndogo za rimoti baada ya kila matengenezo, maana mdogo huyo anatia mdomoni kila anachookota.

SWALI: Mhariri, nimestaafu ualimu na sasa nacheza na wajukuu. Boksi la helikopta yetu linasema inaruka dakika saba, lakini hapa Njombe haifiki dakika nne. Jirani anasema ni kwa sababu ya hewa nyepesi ya milimani. Je, ni kweli, au tumeuziwa betri mbovu? Na kile kijiti chenye vizito viwili juu ya mapanga kina kazi gani?
Babu wa wajukuu watano, Njombe

JIBU: Shikamoo mwalimu. Jirani yako ana hoja, ila hawezi kuibebesha hewa mzigo wote. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho uzito wa hewa katika kila mita ya ujazo umepungua kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Nguvu ya kuinua inategemea uzito huo wa hewa na mraba wa mwendo wa mapanga, kwa hiyo ili helikopta ileile isimame hewani hapo kwako, mapanga yake yanapaswa kuzunguka kwa kasi zaidi kwa takriban asilimia 10, na umeme unaoliwa huongezeka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Wewe uliyefundisha utaona haraka kwamba hesabu hiyo inazitoa dakika saba na kuzifikisha kwenye sita na kitu. Dakika mbili nyingine zimekwenda wapi?

Ninashuku baridi kwanza. Betri hizi za lithiamu, zikipoa, hutoa umeme kwa shida, na asubuhi ya Julai ya Njombe, chombo kilicholala kwenye kabati la barazani kinaamka kikiwa baridi kama maji ya kisimani. Iweke helikopta ndani ya koti lako kwa robo saa kabla ya wajukuu kurusha, na tafadhali usiisogeze kwenye jiko la mkaa ili ipate joto haraka. Pili, tazama kama inachajiwa hadi mwisho: taa ya waya wa chaja ibadilike kwanza, na kwa betri ndogo za milliampea-saa 150 hadi 180 hilo huchukua kama dakika 40 hadi saa moja. Tatu, wajukuu watano wanaopokezana hawaipi nafasi ya kupumzika. Baada ya kila mruko, mota na betri zipoe kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kuchajiwa tena. Kama umefanya yote hayo na bado ni dakika nne, ndipo uilaumu betri, na bei ya betri peke yake ni ndogo kuliko ya helikopta mpya.

Kile kijiti chenye vizito ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Umewahi kuona pia ya kuchezea ya mtoto, ikizunguka kwa kasi, inavyokataa kulala hata ukiigusa. Kijiti kile kinazunguka pamoja na mapanga na kina ukaidi huohuo, kwa hiyo kiwiliwili kikiyumba upande mmoja, chenyewe kinabaki kwenye mzunguko wake wa awali, na kwa kupitia viunganishi vidogo ambavyo ukivisogeza kwa ncha ya kidole utaviona vinacheza, hugeuza mlalo wa mapanga ya juu ili yarudishe chombo kwenye usawa. Mmarekani Arthur Young ndiye aliyefikia ufumbuzi wa namna hiyo kwa kuhangaika miaka mingi na helikopta ndogo za mfano, ambazo hazikuwa mbali sana na hiyo ya wajukuu zako. Mwaka 1941 alionyesha moja kwa kampuni ya ndege ya Bell mjini Buffalo, na kutokana na kazi hiyo ikatokea Bell 47, ambayo tarehe 8 Machi 1946 ilikuwa helikopta ya kwanza kupata cheti cha matumizi ya kiraia nchini Marekani. Vizito hivyo visilegee wala kijiti kisipinde, maana kikipinda hata kidogo helikopta hutetemeka yote.

SWALI: Mwanangu huchaji helikopta yake usiku akiwa amelala nayo kitandani, na sasa tumbo la helikopta limeachana kwa sababu betri imevimba kama andazi. Bado inaruka. Je, aendelee kuitumia?
Mama wa Kihesa, Iringa

JIBU: Hapana, mama, isichajiwe tena hata mara moja, na leo hii iondoke chumbani. Uvimbe huo ni gesi iliyotengenezwa ndani ya betri iliyoharibika, na betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto ikichajiwa, ikitobolewa au ikiminywa. Msiitoboe "ili itoe hewa". Ichomolewe bila kuvuta kwa nguvu, kila ncha ya waya izungushiwe utepe wa gundi peke yake ili zisigusane, kisha itiwe kwenye kopo lenye mchanga mkavu na kuwekwa nje, mbali na nyumba. Isitupwe kwenye shimo la taka mnalochomea. Fundi simu anayebadilisha betri kila siku ana zake zilizovimba. Mwulize anazipeleka wapi na umwombe aichukue na hiyo.

Betri mpya ichajiwe mchana, juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na nguo na godoro, mtu mzima akiwa macho, na ichomolewe inapojaa. Atumie waya uleule uliokuja na helikopta, kwa sababu mara nyingi kile kidubwana kilichomo kwenye waya ndicho kinachozuia betri isivuke volti 4.2, na fundi wa mtaani anayekata waya huo na kuunganisha betri moja kwa moja kwenye chaja ya simu ya volti 5 anawatengenezea moto. Helikopta ikianza kukosa nguvu ya kupanda, aitue. Asilazimishe mpaka izimike, kwani kuikausha kabisa nako huua betri.

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha pili. Helikopta yangu inatii vizuri jioni, lakini saa nne asubuhi ikipita karibu na dirisha inazima na kuanguka. Tena nikirusha pamoja na rafiki yangu, rimoti yake inaigeuza ya kwangu. Tunaweza kwenda kurushia uwanja wa mpira?
Mwanafunzi, Soweto, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dalili zako zote mbili zinaonyesha kwamba rimoti yako ni ya mwanga wa infraredi, sawa na ya televisheni. Jua nalo lina mwanga huo kwa wingi, na linapoingia dirishani hukifunika kijicho cha helikopta kiasi kwamba hakioni tena maagizo yako. Shusha pazia, au ruka mbali na dirisha, na usisimame mahali ambapo kochi linakaa kati ya rimoti na chombo. Kuhusu rafiki yako, tazameni kwenye rimoti kama kuna swichi yenye herufi A, B na labda C, mmoja achague A na mwingine B kabla ya kuwasha. Zile zinazotumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 hazina matatizo hayo ya jua.

Uwanjani usiende. Helikopta hiyo ina uzito wa gramu 40 hivi, na upepo mdogo usiotikisa hata majani ya mgomba utaibeba, huku jua likikata rimoti ikiwa juu ya barabara. Ukija kununua droni ya kurusha nje, hayo ni mambo ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na vibali vyake, na mzazi wako ahusishwe kabla ya fedha kutoka.

Wakati huo huo, ukitaka kujua kama kosa ni la jua au la rimoti, fungua kamera ya mbele ya simu, ielekeze kwenye kijitaa kilicho kichwani mwa rimoti, kisha sukuma kijiti cha mafuta huku helikopta imezimwa. Jicho lako halitaona kitu, lakini kamera nyingi za mbele zitaonyesha kijitaa kikimetameta rangi ya zambarau. Kikiwa hafifu, badilisha betri za rimoti kabla hujalilaumu dirisha.